Begi jepesi kwa Kitulo, Rungwe na Matema: kipi ubebe, kipi uache

Watembeaji wa Marekani wana kipimo chao. Begi likiwa chini ya kilo 4.5 kabla hujaweka maji, chakula na mafuta ya jiko, wewe ni mwepesi hasa. Likiwa chini ya kilo 9, wewe ni mwepesi wa kawaida. Kipimo ni kizuri, nami nakitumia. Ila vifaa vingi vinavyosifiwa kwenye orodha zao vimechaguliwa kwa milima ya magharibi mwa nchi yao, ambako kiangazi mtu hutembea siku nyingi bila kuona wingu la maana. Mtu wa Mbeya akiiga orodha hiyo kama ilivyo na kupanda Rungwe mwezi wa tatu, atashuka kijijini Isongole meno yakigongana.

Kwa hiyo kila kifaa hapa nimekiuliza maswali mawili. La kwanza: kikilowa kitakuwaje? Halafu ndiyo lije la gramu. Mvua za Nyanda za Juu Kusini huanza Novemba na kwenda hadi Aprili, na upande wa Tukuyu hazijui hata kukoma vizuri. Zikiisha inaingia baridi ya Juni hadi Agosti, na uwanda wa Kitulo, ulio kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, asubuhi unaukuta umefunikwa na sakitu. Vifaa vinavyofaa msimu mmoja vinaweza kukuangusha kwenye msimu mwingine.

Safari ninazozifikiria ni tatu. Ya kwanza ni Kitulo wakati wa kiangazi: pakavu, baridi, upepo, na hakuna mti wa kufungia kamba. Ya pili ni misitu ya mlima Rungwe na ukingo wa ziwa la kreta la Ngozi: tope, mianzi, ukungu, kila kitu kinatiririka. Ya tatu ndiyo nzuri kuliko zote na ndiyo ngumu kupangia begi: kutoka Kitulo kuvuka milima ya Livingstone hadi Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ambalo liko mita 474 tu. Hapo unashuka zaidi ya mita 2,000. Joto huongezeka kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazoshuka, kwa hiyo unaanza na kofia ya sufu na unamaliza ukitafuta chandarua.

Kabla ya kununua chochote, tafuta mizani. Ya jikoni ya kidijitali inatosha, na kama huna, mwenye duka la nafaka mtaani atakupimia bure akishamaliza kucheka. Watu wengi hutafuta kifaa chepesi cha bei mbaya wakati kwenye begi lao kuna jinzi mbili, taulo la kuogea na kopo zima la mafuta.

Kulala: hapa ndipo pesa iende

Kama una fedha ya kununua kitu kimoja tu cha maana, nunua cha kulalia. Mengine yote yana njia ya mkato.

| Kitu | Uzito | Kikilowa | Mahali pake |
|---|---|---|---|
| Mfuko wa kulalia wa manyoya ya bata | gramu 700 hadi kilo 1 | hunywea, joto linaisha | Kitulo, Juni hadi Agosti |
| Mfuko wa kulalia wa sintetiki | kilo 1.3 hadi 1.6 | hubaki na joto kiasi, hukauka upesi | Rungwe, Ngozi, na popote wakati wa mvua |
| Blanketi zito la nyumbani | kilo 2 na kuendelea | hunywa maji, halikauki siku mbili | kitandani kwako |
| Shuka la Kimasai | nusu kilo na ushee | huvumilia | Matema, au kuongezea juu ya mfuko |

Kinachokupa joto ni hewa iliyonaswa ndani ya manyoya au nyuzi. Manyoya ya bata hunasa hewa nyingi kwa uzito mdogo na hukunjika yakawa kifurushi kidogo, ndiyo maana yanapendwa. Yakilowa yanashikana vibonge, hewa inatoka, na unabaki umejifunika vitambaa viwili vyenye uji katikati. Sintetiki ni nzito zaidi na inajaza begi, lakini ukiikamua na kuitikisa inakupa kitu cha kulalia usiku huohuo. Kwa safari ya Rungwe mimi sibishani: sintetiki. Kwa Kitulo ya Julai, manyoya, bila kusita. Kwa Livingstone mpaka Matema wakati wa kiangazi, manyoya pia, maana ukishafika ziwani mfuko unakaa ndani ya begi, na afadhali ukae ukiwa mdogo.

Lebo za mifuko hii mara nyingi zina namba mbili za joto. Moja ni ya kulala kwa raha, nyingine ni ya mwisho wa uvumilivu. Muuzaji hukusomea ile ya chini kwa sauti. Wewe soma ya juu, hasa kama ni mwepesi wa kuhisi baridi.

Mitumba inasaidia sana hapa. Mwanjelwa, soko la Mbeya mjini, likifunguliwa robota la nguo za baridi, hutokea mfuko wa kulalia au jaketi la manyoya katikati ya makoti ya watoto, na bei hupangwa kwa ukubwa wa kitu. Mwenye meza hana muda wa kujua ndani kuna nini.

"Chukua kaka yangu, hili la Ulaya, hata Kilimanjaro linapanda."

"Lebo iko wapi, dada?"

"Lebo ilikatwa hukohuko. Wewe shika mwenyewe."

Shika kweli. Kamata sehemu moja, ikandamize ndani ya ngumi mpaka iishe, kisha uiachie. Manyoya mazuri huinuka polepole yakajaa tena, nawe unahisi vijiti vyembamba vinavyochoma kidogo kwenye kiganja. Sintetiki hurudi haraka kama sponji na haina vijiti. Vikibaki vibonge ambavyo havifunguki hata ukivipapasa, manyoya yalishafuliwa vibaya, achana nalo. Liinue kuelekea jua uone kama kuna madirisha, yaani sehemu ambazo manyoya yamehama pakabaki kitambaa kitupu. Mwisho nusa. Harufu ya kuku aliyenyeshewa haitoki hata ukilianika wiki nzima. Zipu nayo uipandishe na kuishusha palepale, maana fundi wa kubadilisha zipu ya mita moja na nusu atakutoza karibu bei ya mfuko wenyewe.

Kuna jambo watu hulisahau: baridi ya Kitulo inakuja zaidi kutoka chini. Uzito wa mwili wako unakandamiza mfuko, hewa inatoka, mgongo unakuwa kama umelala juu ya udongo mtupu. Hapo ndipo godoro linapoingia. La kupuliza lenye tabaka la kuzuia baridi lina gramu 350 hadi 500 na joto lake ni zuri, ila mwiba mmoja tu unalimaliza, na uwanda wenye nyasi kavu zilizofyekwa hauishi visiki vikali. La sponji ngumu isiyonyonya maji lina gramu 400 hivi, joto lake ni kama nusu ya lile, lakini hata likitoboka linalalika. Ile sponji laini ya mafundi magodoro isikushawishi kwa bei: inakunywa maji yote ya hemani.

Chaguo langu kwa Kitulo ni sponji ngumu iliyokatwa kutoka mabegani hadi nyongani, na miguu juu ya begi tupu. Kwa mtu mwenye mgongo mbovu, la kupuliza linastahili kila shilingi, mradi abebe kiraka na gundi.

Hema au turubai

Hema la kawaida la watu wawili, lenye matabaka mawili na fito zake, lina kilo 1.5 hadi 2.5. Hema la tabaka moja linalosimamishwa na fimbo za kutembelea lina chini ya kilo 1. Turubai la nailoni nyembamba iliyopakwa silikoni lina gramu 300 hadi 500. Lile turubai la bluu la dukani, la mita 3 kwa 3, linakaribia kilo 1 na linapiga kelele usiku kucha likipata upepo, ila likichanika hulii.

Kwenye karatasi turubai linashinda. Kitulo linashindwa. Hakuna mti, upepo wa kiangazi unapita chini na juu, nawe unaishia kulishikilia kwa mkono. Pia usiku wa anga safi hupoza sana, na ukuta wa hema, hata mwembamba, unakukinga na upepo unaokunyang'anya joto. Kitulo basi ni hema la matabaka mawili ukiwa na mwenzako wa kugawana naye (mmoja abebe fito na vigingi, mwingine nguo ya hema), au la tabaka moja ukiwa peke yako na ukikubali kwamba asubuhi pumzi yako itakuwa imeganda kwa ndani na kukudondokea unapokaa.

Msituni Rungwe miti ipo, na turubai lingefaa, kama si siafu. Mtu aliyelala chini ya turubai lisilo na sakafu kwenye msitu uliolowa, siafu wakaamua kupita usiku, hahitaji kuelezwa zaidi. Anayetaka turubai huko aambatanishe kifuko cha wavu chenye sakafu, kama gramu 300 nyingine, na hesabu ya wepesi inaanza kufanana na hema la tabaka moja. Matema ni kinyume chake kabisa: turubai na chandarua ni raha tupu, hewa inapita, na chandarua si cha hiari kwa sababu kule kuna malaria.

Kuna njia ya nne ambayo vitabu vya Wamarekani havina: usibebe paa lolote. Njia ya Livingstone inapita vijiji, na ukitoa taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji hukosi mahali pa kulala kwa heshima. Matamba na Tukuyu kuna nyumba za wageni za kawaida. Safari ya usiku mmoja unayoanzia Chimala, ukapanda zile kona hamsini na saba kwa gari hadi Matamba, kisha ukatembea Kitulo mchana, haina haja ya hema hata kidogo. Hakuna kifaa chepesi kuliko kile ulichokiacha nyumbani.

Jiko

Mtungi wa gesi wa kilo 3 tunaoujua hauingii kwenye mjadala huu, maana chuma chake peke yake ni uzito wa begi zima la mtu mwepesi. Mkaa nao uachwe. Mbali na uzito na masizi, mtu wa Makete au Njombe hahitaji kukumbushwa jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hufanya nini. Hemani ni vilevile, na haraka zaidi. Kuni Kitulo hakuna, na ndani ya hifadhi moto huwashwa pale tu unaporuhusiwa. Kitulo iko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, msitu wa Rungwe uko chini ya TFS, wakala wa misitu, na kote kuwili ni busara kuuliza getini kabla ya kufungua kiberiti.

Yanabaki majiko mawili. La gesi ya mkebe: kichwa chake kina gramu 75 hadi 100, mkebe mdogo wenye gramu 100 za gesi una kama gramu 200 ukiwa umejaa. Nusu lita ya maji inachemka kwa dakika tatu au nne. Shida ni kuupata mkebe wa kufunga kwa nyuzi za skrubu huku kwetu. Wengi huagiza kutoka Dar es Salaam au Arusha, na mkebe hauruhusiwi kwenye ndege, kwa hiyo unakuja kwa barabara.

La spiriti: kopo la soda lililokatwa na kutobolewa matundu, gramu 15. Fundi bati yeyote anayetengeneza koroboi atakutengenezea moja huku mkiongea mpira. Spiriti inauzwa kwenye maduka ya rangi na vifaa vya ujenzi. Nusu lita ya maji inakula mililita 20 hivi na dakika nane hadi kumi, ukiwa na kikinga upepo cha karatasi ya alumini. Piga hesabu ya mtu mmoja kwa siku tatu, akichemsha mara tatu kwa siku: mililita 180, yaani gramu 145 hivi, ongeza jiko na chupa, jumla haifiki gramu 200. Gesi kwa safari hiyohiyo inakaribia 300, na mkebe mtupu utaubeba mpaka nyumbani. Gesi huanza kulipa safari ikipita wiki, kwa sababu gramu moja ya gesi ina joto karibu mara mbili ya gramu moja ya spiriti.

Lakini gramu si kila kitu. Mwali wa spiriti mchana hauonekani. Mtu anadhani jiko limezima, anaongeza mafuta, chupa inashika moto mkononi. Na likipinduka kwenye nyasi za Kitulo za mwezi wa tisa, zilizokauka mpaka zinalia ukizikanyaga, hutaweza kuuzima kwa kofia. Kwa kiangazi kikali pale uwandani mimi nasema gesi, hata kama ni nzito. Kwa msitu uliolowa wa Rungwe, spiriti, na kwa furaha.

Ukienda na gesi asubuhi ya sakitu, angalia kilichomo kwenye mkebe. Butani tupu huacha kugeuka hewa ikikaribia nyuzi 0, kwa hiyo jiko linapumua na kufa. Mchanganyiko wenye propani huwaka. Mikebe mirefu ya majiko ya mezani mingi huwa na butani, nayo ni ya Matema, si ya Kitulo. Spiriti nayo baridi huifanya igome kuwaka. Tembea nayo kwenye mfuko wa koti nusu saa kabla ya kupika, chupa ikiwa imefungwa vizuri.

Pale juu maji huchemka kwenye nyuzi 91 hivi badala ya 100. Chai hainung'uniki, lakini maharage mabichi hayataiva mpaka mafuta yaishe. Beba vinavyoiva kwa kumwagiwa maji ya moto: tambi, uji wa lishe, shayiri. Usipa mkavu, yaani dagaa wa Ziwa Nyasa, ni chakula cha mtembeaji hasa, ni mwepesi, hauozi, na mchuzi wake unafufua. Tunavipenda viazi vya Makete, ila sehemu kubwa ya kiazi ni maji: kilo ya viazi ina kama kalori 770, kilo ya mchele 3,600, kilo ya karanga zaidi ya 5,600. Viazi uvile siku ya kuondoka, kijijini, na chumvi.

Miguuni

Kilo moja mguuni inachosha takriban mara tano ya kilo moja mgongoni, hivyo hapa gramu zina maana kuliko popote. Buti la ngozi la mlimani ni kilo 1.2 hadi 1.5 kwa jozi, raba za kukimbilia ni gramu 600. Buti likilowa Rungwe halikauki kabla ya safari kuisha. Raba inalowa haraka zaidi lakini inakauka ukitembea. Kitulo na Livingstone, raba zenye meno chini. Anayesema huwezi kwenda mbali na raba akumbushwe Emma Gatewood, bibi wa Ohio aliyetembea njia yote ya Appalachian peke yake mwaka 1955 akiwa na miaka 67, zaidi ya kilomita 3,000, akiwa na raba za kitambaa, mfuko aliojishonea, blanketi na pazia la plastiki la bafuni la kujikinga mvua. Watengenezaji wa vifaa hawapendi kumtaja sana.

Wenyeji wengi wa kando ya msitu wa Rungwe, ukiwatazama miguuni wakati wa mvua, wamevaa gambuti. Wana sababu. Tope la pale linafika juu ya kifundo, na gambuti unaisuuza mtoni ukaendelea. Kwa kupanda na kushuka siku moja, gambuti na soksi mbili nene zinashinda viatu vyote vya dukani. Kwa siku tatu na begi mgongoni, hapana. Ni nzito na kisigino kitachubuka.

Mvua

Mwavuli ni gramu 250 na ni mtamu sana kwenye barabara za katikati ya mashamba ya chai, Tukuyu au Mufindi. Upepo wa Kitulo unaugeuza bakuli. Poncho inayofunika na begi, gramu 250 hadi 300, ndiyo yenye faida nyingi, maana usiku inakuwa kizingiti cha hema, ila kwenye mianzi inanasa kila hatua. Koti la mvua halinasi. Rungwe koti, Livingstone poncho. Mvua ya milimani ikichanganyika na upepo na fulana ya pamba ni hatari ya kweli hata kama hakuna sakitu, kwa hiyo ndani vaa polista au sufu, na jinzi ibaki nyumbani.

Kuhusu kukinga vitu ndani ya begi: tangu Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku, na huna haja nayo. Maduka ya pembejeo yanauza mifuko ya PICS ya kuhifadhia mahindi, ile yenye mifuko miwili mizito ya plastiki ndani. Toa mmoja wa ndani, uweke ndani ya begi, pakia vitu, sokota mdomo na ukunje. Hakuna kifuniko cha begi cha bei yoyote kinachokaribia hapo. Vifuniko vya nje huacha maji yapite mgongoni.

Maji

Chujio la kukamua, gramu 85 hivi, vidonge vya klorini, au kuchemsha. Kuchemsha kunakula mafuta, na juu ya mita 2,000 unatakiwa kuacha yachemke dakika tatu. Vidonge havina uzito lakini maji ya baridi yanavichelewesha, na ladha ndiyo hiyo. Chujio ni bora kwa vijito vya Kitulo, ambako kuna ng'ombe na huwezi kunywa hivihivi. Ila lina udhaifu mmoja: maji yakiganda ndani yake, nyuzi zake hupasuka bila kuonyesha dalili yoyote, na unaendelea kunywa ukidhani umechuja. Julai lilale nawe ndani ya mfuko, kwenye kifuko kisichovuja. Chombo cha kubebea kiwe chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu, gramu 30 hivi. Chupa ngumu za mlimani zina gramu 180, na isipokuwa kwa sababu moja nitakayoitaja, hazistahili.

Vijiraha

Hapa ndipo mabingwa wa wepesi wanapokosea, kwa maoni yangu. Wanakata mpini wa mswaki halafu wanalala vibaya. Gramu 300 za starehe zilizochaguliwa vizuri zinakufanya utamani safari nyingine.

Ya kwanza ni soksi za sufu za kulalia tu, ambazo hazigusi ardhi. Gramu 80, na hakuna kitu kinachofanana nazo kwa faida. Kofia ya sufu iliyofumwa kwa mkono inafuata.

Ya pili ndiyo ile sababu ya chupa ngumu. Usiku wa Kitulo chemsha maji, yajaze kwenye chupa ngumu, ifunge sana, ivishe soksi na uiweke mapajani ndani ya mfuko. Itakupa joto mpaka alfajiri, na asubuhi una maji ambayo hayajaganda. Chupa laini ya maji ya dukani ukiitia maji yanayochemka itajikunja na kukumwagikia. Wengine hubeba chupa ya chai ya chuma kwa kazi hiyo, lakini ile imetengenezwa kufungia joto ndani, haikupi wewe. Chukua moja au nyingine kwa kutegemea unachokitaka usiku: joto mwilini au chai bila kutoka kwenye mfuko.

Kahawa: unga wa Mbozi uliosagwa vizuri, umwagiwe maji, uachwe utuame, ni mzuri kuliko ya kopo na uzito ni uleule. Majani ya chai ya Rungwe na kipande cha tangawizi, sawa pia. Mto wa kupuliza wa gramu 60 dhidi ya jaketi lililokunjwa ndani ya mfuko: mto ni bora, kwa sababu Kitulo hilo jaketi utakuwa umelivaa. Yeboyebo za kubadilishia jioni ni za lazima Rungwe, ambako viatu vimejaa tope, na za anasa kwingineko. Kitenge kimoja kinakuwa taulo, shuka la Matema, pazia la kubadilishia nguo na mkeka wa kukalia. Kwa dada au mama anayesafiri na kundi sioni kitu cha kukipita. Kikopo kidogo cha mafuta ya mgando kinatibu midomo iliyopasuka na mapaja yaliyochubuka, na pamba iliyopakwa mafuta hayo inawasha moto hata kuni zikiwa na unyevu.

Tochi iwe ya kichwani, gramu zisizozidi 90. Ya simu inamaliza chaji, na baridi inaimaliza haraka zaidi. Simu na pawabanki vilale ndani pamoja na chujio.

Begi lenyewe

Linunue mwisho. Ukinunua kwanza begi la lita 70, utalijaza tu, ndivyo tulivyo. Weka kila kitu ulichochagua kitandani, kipime, kitie ndani ya boksi la katoni, kisha nenda Mwanjelwa, au Mashine Tatu kule Iringa, na vipimo vya boksi. Kwa uzito wa jumla usiozidi kilo 9, begi la lita 40 lisilo na fremu ya chuma, gramu 600 hadi 900, linatosha, na lile sponji la kulalia likikunjwa na kuwekwa upande wa mgongo ndilo linakuwa fremu. Likizidi kilo 12 pamoja na maji na chakula, chukua lenye fremu na mkanda mpana wa kiunoni hata kama lina kilo 1.5, maana mabega hayatavumilia mteremko wa Livingstone. Kwenye mitumba kagua pale mikanda ya mabega iliposhonewa juu: vuta kwa nguvu zako zote. Uzi ukilia, mwambie muuzaji apunguze bei ya kumlipa fundi cherehani, na fundi apige mishono mitatu ya uzi wa nailoni kabla hujaweka hata soksi moja ndani.